Niliyemwandika Ametoroka

Tangu nistaafu naota chumba cha giza. Si ndoto mbaya. Nipo mle ndani, taa nyekundu inawaka kidogo, maji yanachuruzika, na mapafu ya watu yanatokea kwenye filamu, moja baada ya jingine, taratibu, hayana haraka. Siwaoni nyuso, lakini nawajua wote. Nikizinduka nasikia kuku wa jirani yangu hapa Mitwero, nakumbuka kwamba hakuna mtu anayenisubiri kwenye benchi, halafu nakaa kitandani nikijiuliza kama kweli nimeamka.

Vijana wa kitengo cha eksirei mmenisumbua sana. "Bi Picha, tuandikie ulivyofanya kazi." Haya, naandika. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama mchwa wamevibakiza. Mimi nitaandika mambo ambayo hayamo kwenye faili, na moja ambalo limo, ila nililiandika vibaya.

Siku ya kwanza nilifika hospitalini Lindi na viatu vya mchuchumio. Mtoto wa Kilwa Masoko, nimetoka chuoni, najiona mtaalamu. Mzee Chilumba, aliyekuwa akiendesha eksirei, alinitazama kuanzia chini akaishia magotini. "Binti, unakwenda harusini?" Nikamwambia nimekuja kazini. "Basi vua hivyo, sakafu humu ni maji na dawa. Ukianguka nitakupiga picha bure." Nikafanya kazi siku nzima pekupeku, nimenuna.

Mzee Chilumba alikuwa Mmwera wa Rondo, Mkatoliki, mtu wa maneno machache na macho makali. Chumba cha giza kilikuwa na saa ya ukutani iliyokwisha kufa zamani, na hakuna aliyejishughulisha nayo. Yeye alipima muda wa filamu kwenye dawa kwa Salamu Maria. Kumi na tano, kwa sauti ya chini, anainua filamu, imeiva. Akaniuliza, "Wewe unasali nini?" Nikamwambia mimi Muislamu. "Basi tafuta yako." Nikajaribu Qul huwallahu, ile sura fupi ya Kurani, nikaona ishirini na tano kwa kituo zinatosha. Nikiharakisha, mbavu zinatoka za kijivu, na mzee akiishika tu ile filamu anajua. "Leo umesali mbiombio."

Ndivyo tulivyofanya kazi miaka mingi, yeye na Maria wake, mimi na sura yangu, katika mwanga ule mwekundu ambao unamfanya mtu asijue kama ni asubuhi au alasiri. Filamu inaingia nyeupe. Kwanza hakuna kitu. Halafu mstari, halafu ubavu, halafu moyo umekaa pale kati kimya. Kila mara nilishangaa. Nilimwambia mzee kwamba naona watu wanazaliwa humu, akasema nipunguze mashairi nikung'ute maji.

Alinifundisha jambo moja nililolishika mdomoni tu, mkononi likanitoka. "Andika ulichokiona. Ulichodhani nenda nacho nyumbani." Litunzeni hilo, nitalirudia.

Kazi ya kupima watafuta kazi ilikuja baadaye, ikaja kwa wingi. Kwanza walikuwa vijana wa melini, halafu waliokuwa wanasaka kazi kwenye gesi, halafu wa kwenda Uarabuni. Mgonjwa anakuja kukuonyesha panapouma. Mtafuta kazi anakuja kukuficha. Amefua shati, amenyoa, anatabasamu mpaka unamwonea huruma. Mmoja wa Songo Mnara alisikia dafu linasafisha mwili, akanywa madafu kumi na moja asubuhi ile, mkojo ukatoka maji matupu, maabara wakaukataa. Nikamkalisha chini mpaka mchana, na kila robo saa anainuka kwenda msalani. Nikamwambia, "Baba, ukifika huko ng'ambo waambie wewe ni kisima."

Na yule bibi harusi. Alitoka kuolewa wiki ileile, vidole vimepakwa piko jeusi mpaka kwenye kucha. Tukambana kile kibanio cha kidoleni cha kupimia hewa ya damu, kikatoa namba za mtu anayekata roho. Daktari wa zamu akataka kumlaza. Binti mwenyewe amesimama, anatafuna ubani. Nikakitoa kile kibanio nikambana kwenye ncha ya sikio. Hewa tele. Piko lilikuwa linaziba mwanga wa kile kidude, basi. Mkipata maharusi, anzieni sikioni.

Nacheka, lakini kazi hii haikuwa ya kuchekesha. Kwenye ile fomu kuna maneno mawili tu mwishoni, anafaa na hafai. Mtu anakuja na maisha yake yote, anaondoka na neno moja. Nilijiwekea sharti kwamba neno hafai halisemwi koridoni, halisemwi kwa kusimama, na halisemwi bila mtu kuelezwa ana nini. Kuna wanaobandika karatasi ukutani mtu ajisomee. Wallahi nikimkuta mmoja wenu anafanya hivyo nitarudi na bakora, kustaafu nimestaafu lakini mkono bado ninao.

Sasa lile nililoliandika vibaya.

Kulikuwa na kipindi tulikuwa wachache mno hospitalini, mtu mmoja kazi tatu. Mimi nikapewa na daftari la wagonjwa wa kifua kikuu. Asubuhi wanakuja kumeza vidonge mbele yangu, natia alama. Asiyekuja namfuata kwa pikipiki, baibui nimelifunga kiunoni. Aliyepotea kabisa anaandikwa kwa kalamu nyekundu, neno moja: ametoroka.

Siku moja akaja mama mmoja wa Mchinga na mtoto wa kiume wa miaka kama kumi, amekonda, anakohoa. Nikampiga picha, nikaingia gizani, nikasali zangu ishirini na tano. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na doa zito. Nilipoitundika kwenye taa, mtoto akasogea kuitazama. Hakuogopa.

"Hilo wingu linafanya nini humo?"

"Ndilo linalokukohoza."

"Litanyesha?"

Jamani, nilicheka mpaka mama yake akaniangalia. Nikamwambia tutalifukuza kwa vidonge, miezi sita, asikose hata siku moja, na asishtuke akiona mkojo umebadilika rangi. Walikuwa wamefikia kwa ndugu yao hapa mjini, kwa hiyo alikuja kila asubuhi. Siku ya tatu alikuja anakimbia, amefurahi, hata shikamoo amesahau. "Bi Picha, umekuwa kama soda ya machungwa!" Koridoni wote walimsikia.

Miezi miwili alimeza mbele yangu. Kikohozi kikaondoka, mashavu yakarudi. Nikampenda mtoto yule, sitaficha. Sina mtoto wa kiume. Mama yake akasema anarudi Mchinga, nikampa barua ya kumalizia miezi minne kwenye zahanati ya kule. Daftarini nilikuwa nimeandika jina la mtoto, kijiji, na mahali pa mzazi nimeandika mama. Mama tu, bila jina. Nilikuwa na haraka, foleni ndefu. Hiyo haraka imenigharimu.

Jina la mtoto sitaliandika hapa. Sababu mtaiona.

Mwezi ukapita, taarifa ya zahanati ikaja, jina lake halimo. Nikapanda pikipiki. Kinamama waliokuwa wakifua nazi wakanisikiliza kwa adabu, wakaniambia, "Hapa hatuna mtu wa jina hilo." Nikarudi wiki iliyofuata. Vijitoto viwili vikafungua mdomo kusema kitu, bibi mmoja akavitazama, vikafunga. Nikaenda zahanatini kwa nesi, Mzee Ngwale, mtu mpole sana. Akasema jina hilo kwake halipo. Akataka kuniambia habari za mgonjwa mwingine, sikumpa nafasi, nilikuwa nimewaka. Miezi sita ya dozi ikikatwa katikati, wingu linarudi, na likirudi linarudi na nguvu ambazo vidonge vilevile havizimudu. Nilikuwa namwona mtoto yule anakufa.

Safari ya tatu nilifanya kituko. Kuna njia inaingia kwenye mikorosho nyuma ya kijiji. Nikaiegesha pikipiki, nikaingia kwa miguu, nikasimama mahali kimya, nikaliita lile jina. Kwa sauti yangu yote. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mchana mweupe, jua limesimama, majani ya mikorosho hayatikisiki. Nakumbuka nilisikia kama watu wanapumua, halafu nikasema ni mawazo yangu. Akatokea mwanamume kwenye njia, hana hasira, amesimama tu. "Bi mkubwa, huko hakupitwi. Rudi."

Nilijua huko kuna jando. Nani asingejua, ngoma tulizisikia. Nikamwambia, "Mtoto anakufa nyie mnacheza ngoma!" Akanijibu yaleyale, kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Nikarudi Lindi. Nikafungua daftari, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika ametoroka. Nikaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Miaka kumi na saba ikapita. Mzee Chilumba alistaafu akarudi Rondo, na huko akafariki, Mungu amrehemu. Chumba cha giza kikafungwa. Mashine mpya ikaja, picha inatokea kwenye kompyuta papo hapo, huna muda hata wa kusema bismillahi. Nikawa nazeeka kwenye mwanga.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, akaja fundi wa kuchomelea, kijana mrefu wa miaka ishirini na saba, anaitwa Yusufu. Amekuja na mkewe, Mwanaidi, na mtoto mchanga wa kiume. Nilichokiona kwanza ni kwamba Yusufu hakukaa benchi moja na mkewe. Alisimama hatua tano mbali nao, amejiziba mdomo na kitambaa, na mtoto akilia anageuka kutazama dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umewatenga wenzako?"

Akanipa karatasi. Alikuwa amepata kazi ya kuchomelea Uarabuni, akapimwa Dar es Salaam, akaandikwa hafai, kifua. Hawakumweleza zaidi. Wakala wake wa ajira akampa wiki mbili arudi na majibu mengine, la sivyo nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Tangu siku ile alikuwa analala barazani. Sahani yake mbali, kikombe chake mbali.

"Ana miezi minne," Mwanaidi aliniambia, anamtikisa mtoto. "Tangu baba yake arudi na karatasi hiyo hajamshika. Nikimpelekea anakimbia. Mama, mume wangu ni mgonjwa au si mgonjwa? Tuambieni tujue."

Nilimpiga picha. Juu ya pafu la kulia palikuwa na kovu, vistari vyembamba, pamekauka. Nililitazama muda mrefu. Sikulitambua, na ingekuwa miujiza kulitambua, makovu yote yanafanana. Makohozi yakapimwa mara mbili, hamna kitu. Dokta Neema, daktari wetu kijana, akamwita ndani akamkalisha.

"Hili ni kovu la kifua kikuu cha zamani. Kwa vipimo hivi hakuna ugonjwa unaoonekana leo. Lakini wanaokuajiri wanataka ushahidi kwamba ulitibiwa dozi nzima. Dozi ikikatwa, ugonjwa unaweza kurudi. Nikiuona ushahidi nitaandika anafaa. Bila huo siwezi, Yusufu. Nitakuwa nasaini nisichokijua."

"Na mtoto je? Nimshike?"

Dokta Neema akamwambia amshike, makohozi ni safi. Yusufu akatikisa kichwa. "Dokta, umesema unaweza kurudi. Unataka urudi nikiwa nimempakata?" Hakuna aliyeweza kumshawishi. Nilimkasirikia na nikamwonea huruma kwa wakati mmoja.

Nikachukua madaftari ya miaka ya nyuma. Yusufu alikumbuka kwamba alitibiwa utotoni, akakumbuka vidonge, akakumbuka hospitali. Nikapekua Yusufu wote. Yusufu mzee wa miaka sitini, Yusufu wa Kilwa Kivinje aliyefariki, Yusufu wa miaka mitatu. Yeye hayumo.

"Baba, una hakika ulitibiwa hapa?"

"Nina hakika. Mpaka mkojo ulibadilika rangi. Wenzangu walinicheka sana kule..." Akanyamaza ghafla.

"Kule wapi?"

"Kule porini tu."

"Porini wapi, na kwa nini ulikuwa na wenzako porini?"

Akainamisha kichwa, kwa heshima kabisa. "Mama, hayo hayazungumzwi na wanawake."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kwetu Kilwa Masoko mtoto akitoka jandoni anatoka na jina lake lilelile, Ali anabaki Ali. Lakini Mzee Chilumba aliwahi kuniambia, gizani mule, kwamba kwao kijana akiingia jandoni anapewa jina jipya, na lile la utoto linaachwa hukohuko. Mama yake mwenyewe halitamki. Kumwita mtu kwa jina lile ni kumtukana, kumwambia hajawa mtu. Nililisikia hilo kwa masikio yangu mawili, nikakung'uta maji ya filamu, nikalisahau.

Sikumwambia Yusufu kitu. Nikaenda stoo peke yangu, nikalitoa daftari, nikafungua ukurasa ule. Sikuhitaji kuutafuta, ulikuwa umetoboka.

Kesho yake nilipanda basi dogo la Mchinga na daftari limo kwenye mkoba, kwa ruhusa ya Dokta Neema. Mzee Ngwale naye amestaafu, nilimkuta anatengeneza banda la kuku. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, halafu nikaufungua ukurasa, jina nimelifunika kwa kidole. Nikainua kidole kidogo. Akasoma, akatazama kando haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

"Funika, Bi Picha."

"Ni Yusufu?"

"Mimi nilikwambia."

"Uliniambia lini?"

"Siku ile. Nilikwambia jina hilo kwangu halipo, lakini ninaye kijana anaitwa Yusufu, wa dozi hiyohiyo, wa miezi minne. Ukanifokea. 'Simtafuti Yusufu!' Ukawasha pikipiki."

Nikakaa kwenye kigogo. "Kwa nini hukunifuata? Kwa nini hukuandika majina yote mawili ukurasa mmoja?"

"Wewe ungeweza kuandika matusi ya mtu kwenye daftari la serikali?" Aliuliza bila ubishi. "Vidonge nilimpelekea mlezi wao kule kila siku. Kila siku, Bi Picha, hata Ijumaa. Jina jipya tayari alikwisha kupewa. Nikamfungulia kadi mpya, nikaandika amehamia. Niliona nimefanya vizuri."

Tukaenda zahanatini, nesi wa sasa akatufungulia kabati. Kadi ilikuwepo, imeliwa na mende pembeni, lakini alama zote zimo. Yusufu, amehamia, miezi minne, hakukosa siku. Nikaiweka juu ya daftari langu. Kwangu kuna mtoto aliyemeza miezi miwili akapotea, na kwake kuna kijana asiye na mwanzo aliyemeza miezi minne akamaliza. Mzee Ngwale alimheshimu mpaka akamkata vipande viwili, na mimi nikamwita mtoro.

Niliporudi, Dokta Neema alivitazama vyote akatabasamu, halafu akaacha kutabasamu. "Bi Picha, mimi nakuamini. Lakini kwenye karatasi hawa ni watu wawili. Lazima Yusufu aape kwa maandishi kwamba majina yote mawili ni yake, wakili agonge muhuri." Zilikuwa zimebaki siku tatu za zile wiki mbili.

Wakili akaja, mwanamume wa makamo wa mjini hapa. Tukawa ofisini kwa Dokta, Yusufu na mkewe na mtoto, na ile hati mezani ina nafasi moja tupu, ya jina ambalo lazima alitaje mwenyewe kwa kinywa chake. Nikamweleza Yusufu kila kitu, polepole, bila kulitaja lile jina. Nikamwambia dozi yake alimaliza, wingu halipo. Akaitazama ile nafasi tupu, jasho linamtoka.

"Hakuna njia nyingine?"

"Nimeitafuta. Sijaiona."

"Mama yangu mwenyewe halitamki."

"Najua. Sikulazimishi, baba. Ukisema hapana, nitakwenda nawe mpaka kituo cha basi na sitakulaumu."

Akamtazama Mwanaidi, akamtazama mtoto. Akapangusa uso. "Wanawake watoke."

Dokta Neema, na ofisi ni yake, akainuka. Nami nikainuka. Mwanaidi akajifunga kanga vizuri, akafika mlangoni na mtoto begani.

"Huyo ni wa kiume," Yusufu akasema. "Abaki."

Mwanaidi akasimama pale. Hakuelewa. Yusufu akanyoosha mikono. Mikono ya fundi, ina madoa ya moto. "Nipe."

Tulisimama koridoni wanawake watatu. Mwanaidi alikuwa analia kimyakimya na anacheka. Mimi niliutazama mlango, na kwa muda nilikuwa nimerudi kwenye chumba cha giza, nimesimama juu ya dawa, nahesabu, nasubiri kitu kitokee. Nilijikuta nasema Qul huwallahu. Nilifika ishirini na mbili mlango ukafunguka.

Hati ilikuwa imekunjwa. Dokta Neema akaisoma peke yake, akaifungia kwenye bahasha pamoja na nakala za kumbukumbu zote mbili, akachukua fomu, akaandika anafaa, akagonga muhuri. Mtoto alikuwa amelala kwenye bega la baba yake, ameliloanisha shati lote.

Mwanaidi akatangulia nje. Yusufu akabaki, akaliona daftari langu wazi mezani, akaliona lile neno jekundu.

"Hapo uliniandika nimetoroka."

"Ndiyo. Nilikosea. Niliandika nilichodhani. Nisamehe, mwanangu." Nikachukua kalamu, nikalikata mbele yake, nikaandika amemaliza dozi, na tarehe ya siku ile, na sahihi yangu. Ndiyo sahihi ya mwisho niliyotia kwenye daftari lile.

Hakuondoka. Alikuwa anampigapiga mtoto mgongoni, macho yametazama mbali.

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia lini?"

"Siku ile kwenye mikorosho. Tulilazwa chini wote, tukaambiwa mwanamke anapita, tusipumue. Nikasikia sauti yako. Niliijua, ni Bi Picha. Uliniita mara tatu. Nilikuwa pale karibu, mama, naiona mpaka miguu yako. Nilikatazwa kuitika."

Yusufu akamhamisha mtoto bega la pili, akasimama wima, akanitazama.

"Naam, mama," akasema. "Nipo."